Mzee Aliyekuja Kumenya Vitunguu

Kama gazeti la wiki jana lilikufikia likiwa limeshafungia maandazi, usijali. Nakupa kwa mkato, halafu tunaendelea.

Mimi ni Odeta, fundi cherehani wa Shanwe, hapa Mpanda mjini. Mpaka pale tulipoishia nimeshaachwa na kinyozi, nimeshaangukiwa na paa la kibanda changu cha kazi, na cherehani yangu imeshatumbukia mtoni ikiwa imefungwa nyuma ya baiskeli. Katikati ya balaa zote hizo Mungu akanitupia jambo moja jema: Nyanda, kijana wa Kisukuma kutoka Majimoto, mfanyabiashara wa mchele. Alikuja kushonewa kifungo. Akarudi na kifungo kilekile, kimekatika. Akarudi tena. Nikagundua anakikata mwenyewe.

Tukapendana. Lakini mama yangu, huko Katumba, kila nikimwomba kibali cha kuolewa alijibu neno moja tu: "Bado."

Nyanda akamtuma baba yake aende Katumba kutuombea. Baba akaenda, akarudi na jibu: "Bado, ila nitakwenda tena." Akaenda tena. Bado. Akaenda, akaenda, akaenda. Bado. Mimi mwenyewe huyo baba nilikuwa sijawahi kumtia machoni, lakini nilikuwa namwombea kila nikilala, maana pikipiki yake ilikuwa inaisha tairi kwa ajili yangu.

Niliwaacha pale sisi watoto tulipoamua kumwalika mama chakula. Sasa sikiliza yaliyonikuta.

Wazo lilikuwa la Emelyne, mdogo wetu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi ya unesi. Ilikuwa Agosti ya mwaka tisini na tano. Mavuno yameshaingia ndani, watu wana raha zao.

"Nyie," alituambia, "mama alishawahi kula chakula ambacho hakukipika?"

Tukafikiri. Kaka yetu Ponsian, seremala, akakuna kichwa. "Msibani."

"Msibani ndiyo anapika zaidi," nikamwambia.

Tukaona aibu, wote watatu. Mwanamke amevuka mpaka kutoka Burundi na mimi mgongoni na Ponsian mkononi, Emelyne yuko tumboni. Baba akafariki, akatulea kwa jembe. Na mpaka leo anakula amechuchumaa mlangoni, akikwangua sufuria baada ya watu wote kushiba.

Basi tukaweka sheria. Siku hiyo mama haingii jikoni. Atakaa kwenye kiti chenye mto. Ataletewa maji ya kunawa. Atapakuliwa kwanza.

Mimi nilikuwa na sheria yangu ya ziada, ya siri. Nilimwambia Nyanda atokee mama akiwa ameshashiba. Mtu aliyeshiba pilau ya kuku hawezi kusema "bado." Ndivyo nilivyodhani.

Jumapili ikafika. Emelyne akabaki kwangu anapika, mimi na Ponsian tukaenda stesheni kumpokea mama. Ponsian alikuwa amevaa koti la kuazima, mikono inamfika kwenye kucha.

Treni ikaja. Watu wakashuka na magunia, kuku, magodoro, hata kitanda.

Mama hakushuka.

Ponsian akapita dirisha moja baada ya jingine akiita, "Mawe! Mawe!" kama tunavyomwita nyumbani, mpaka bibi mmoja asiyetuhusu akaitika.

"Amekataa kuja," nikasema. "Amejua mpango wangu na Nyanda."

"Mpango gani?"

"Hakuna. Twende."

Tukarudi Shanwe mbio. Kufika nje ya nyumba yangu, tukasimama. Mlangoni kulikuwa na pikipiki nyekundu iliyojaa vumbi mpaka kwenye taa. Kwenye usukani wake umening'inia mkoba wa mama.

Tukaingia. Emelyne alikuwa amekaa kwenye kile kiti chenye mto, mikono magotini, kama mgonjwa anayesubiri sindano.

"Mbona umekaa?"

"Nimeamriwa."

"Na nani?"

Akaelekeza kidevu uani.

Uani, mama yetu alikuwa amesimama mbele ya jiko la mkaa, mwiko mkononi, kitenge kipya, kilemba kipya, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Pembeni yake mzee mmoja amekaa kwenye kigoda, kofia ya pama kichwani, anamenya vitunguu na machozi yanamtiririka.

"Mama! Umekujaje?"

"Kwa pikipiki."

Mama yangu huyo. Mwanamke ambaye ukimbeba kwa baiskeli anashuka mteremko ukianza.

"Na hukuogopa?"

"Niliogopa mpaka darajani. Baada ya daraja nikamwambia aongeze mwendo."

Akacheka. Cheko lenyewe nilikuwa silijui. Lilianzia chini likapanda juu, kama la wasichana wanaotoka kisimani wana siri. Mzee naye akacheka, machozi ya vitunguu yakimwingia mdomoni.

Ponsian akajikohoza kama kaka mkubwa anavyotakiwa. "Na huyu mgeni ni nani?"

Mzee akasimama, akavua kofia. "Naitwa Luhende. Natoka Majimoto."

Luhende! Baba yake Nyanda! Nikapiga magoti hapohapo.

"Mwadila, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma chote nilichokuwa nacho.

"Mwadila, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa vifungo?"

"Ndiye mimi, baba."

"Umetusumbua kweli," akasema, akamtazama mama, wakacheka tena.

Hapo nikajua mambo yameiva. Baba mkwe anakuja na mama yangu juu ya pikipiki moja, wanacheka pamoja, wanapika pamoja. Maana yake nini kama siyo kwamba mama amekubali? Nikaenda nyuma ya choo, nikajiziba mdomo kwa kanga, nikaanza kurukaruka peke yangu.

Emelyne akanifuata. "Umeng'atwa na nge?"

"Mama amekubali! Huyo ndiye baba yake Nyanda!"

Akanishika mikono, tukaruka wote wawili mpaka jirani akachungulia juu ya uzio kutuuliza kama kuna nyoka.

Chakula kikawa tayari. Tukamnyang'anya mama mwiko, tukamwongoza mpaka kwenye kiti chake. Mezani kulikuwa na pilau, kuku, samaki wa migebuka wa kukaanga, na kisamvu kwa ajili yake, kwa sababu bila kisamvu mama huwa anasema hajala. Soda zimepangwa zimetoka kwenye beseni la maji baridi.

Kumkalisha mama kukawa kazi ya watu watatu. Anakaa, anainuka.

"Nilete chumvi."

"Ipo, mama!"

"Basi pilipili."

"Hiyo hapo mbele yako!"

"Sahani ya Ponsian ina ufa, ngoja nimbadilishie."

"Mama, kaa!"

Sisi tunamkandamiza mabegani, yeye anapenya chini ya mikono yetu kama kuku. Mwisho mzee Luhende akasema taratibu, "Mama Ponsian. Kaa watoto wakuone."

Akakaa. Akatulia tuli, akanyoosha kitenge magotini.

Mimi mjinga wa watu nikafikiri, huyu mkwe wangu ana heshima sana.

Tukala. Mama akanywa soda kwa kugugumia, gesi ikampanda puani, akashikwa na kwikwi. Kila akishikwa na kwikwi anacheka, kila akicheka kwikwi inazidi. Ponsian akampiga mgongoni, mkono wa koti ukaingia kwenye kisamvu. Emelyne akacheka mpaka akateleza kwenye kiti. Sijawahi kuona nyumba yangu ina furaha namna ile. Nikawa naangalia mlango tu, namngoja Nyanda.

Ndipo mama akavuta bakuli la kuku.

Kwetu firigisi ina mwenyewe. Baba alipokuwa hai ilikuwa yake. Alipofariki, mama akaanza kumpa Ponsian, tangu Ponsian yuko mdogo hata hajui kutafuna vizuri. Hakuna aliyewahi kuigusa. Ponsian akasogeza sahani yake bila hata kutazama, kama mtu anayesogeza kofia.

Mama akachukua firigisi. Akaivusha juu ya sahani ya Ponsian. Akaiweka kwenye sahani ya mzee Luhende.

Kwikwi ilikuwa imeisha.

"Mama," Emelyne akasema kwa sauti ndogo, "firigisi ni ya kaka."

"Kaka yako alikuwa amemshikia mtu nafasi," mama akajibu. "Na ameshika vizuri. Asante, Ponsian."

Ponsian akafungua mdomo. Kabla hakijatoka kitu, mlangoni tukasikia:

"Hodi, hodi wenyewe!"

Nyanda huyo! Shati limenyooshwa, vifungo vyote vipo, begani kafuko ka mchele mpya. Akamwona baba yake, uso ukawaka kama karabai.

"Baba! Kumbe umewahi! Kwa hiyo mama amekubali?"

"Amekubali," mzee akasema.

Nyanda akaangusha mchele. Akamrukia baba yake shingoni. "Amekubali! Amekubali! Odeta, umesikia? Amekubali!" Akamzungusha mzee wa watu mpaka kofia ikaangukia kwenye migebuka.

Sisi wengine hatukutikisika.

"Nyanda," mzee akasema akihema, "nishushe. Amenikubali mimi."

Nyanda akamshusha. "Wewe kama nani?"

"Kama mimi."

Jamani, wasomaji wangu, nimeshaangukiwa na paa. Paa lile lilikuwa jepesi.

"Baba," Nyanda akasema, "si nilikutuma?"

"Ulinituma. Na safari ya kwanza nilikuombea, tena vizuri sana, nilikusifia mpaka nikadanganya. Safari ya pili nikakuombea. Safari ya tatu tulianza na habari yako, tukaingia habari za mihogo, tukaingia habari za marehemu mama yako na marehemu mume wake, mara jua linazama. Nikafika nyumbani ndiyo nakumbuka sikukutaja."

Nikamgeukia mama. "Na wewe! Mbona ulikuwa unasema bado?"

Mama akatazama chini. Mashavu yake, nakuapia, yalikuwa ya msichana.

"Mwananje, mwanangu, mimi nilikuwa tayari siku ya kwanza. Neno ndiyo lilikuwa hapa kwenye ulimi. Halafu nikafikiri, nikisema ndiyo, huyu mzee atashukuru, atapanda pikipiki yake, na mimi sitamwona tena mpaka siku ya harusi yenu. Nikasema bado."

"Mama! Na mimi nalia miezi yote hiyo!"

"Nilikuwa naumia, Odeta. Kweli naumia. Ila Alhamisi ikifika nasikia muungurumo kule barabarani, nasahau."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini Emelyne alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili na mabega yanamtikisika, na mara wali ukamtoka mpaka puani. Ponsian akafuata. Kisha mimi. Nikacheka mpaka nikalala kwenye jamvi, nikawa napiga sakafu kwa kiganja. Ukoo ule, baba na mwana, kurudi wanajua! Mmoja alirudi kwa kifungo, mwingine akarudi kwa kuombea kifungo.

"Na dini?" Ponsian akauliza akijifuta machozi kwa mkono wa koti. "Mama, wewe ni mtu wa kanisa."

"Anaingia mafundisho. Jina la ubatizo ameshachagua."

"Jina gani?"

"Libérat," mzee akasema kwa fahari. "Katekista aliniwekea majina mengi. Hilo nililipenda. Ukilitamka haraka linasikika kama pikipiki inawaka."

Tukaanza upya. Hata Nyanda, aliyekuwa amesimama katikati ya mchele uliomwagika, akaanza kutabasamu upande mmoja.

"Basi kuna ubaya gani?" Ponsian akapiga meza. "Harusi mbili siku moja! Ng'ombe wale wale, ngoma ile ile!"

Mzee Luhende hakucheka tena. Akaokota kofia yake, akaitoa mwiba wa samaki.

"Hapo ndipo pagumu, kijana wangu. Nina kaka mkubwa, ndiye mwenye boma letu kule Majimoto. Nilimwambia habari zote mbili. Akasema mama na binti hawawezi kuwa wake kwenye boma moja, watoto watakaozaliwa hawatajua nani wamwite nani. Akasema atapokea mmoja. Atakayefikishwa kwanza uani kwake, ndiye mke. Huyo mwingine atachinjiwa mbuzi kama mgeni, arudi kwao."

"Na amesema kweli?"

"Kaka yangu hajawahi kubadilisha neno. Hata lile alilokosea."

"Na wewe," Nyanda akauliza polepole, "ulikuwa umepangaje?"

Mzee akatazama sahani. "Tukimaliza kula, nimpeleke Mama Ponsian leo hii."

"Bila kuniambia?"

"Ningekuambia nikirudi."

Kicheko kikafa chote. Nikasikia mkaa unalia jikoni.

Mama akaweka chupa ya soda mezani. Akapiga makofi mara moja, kama anayemaliza mkutano.

"Basi, maneno mengi ya nini? Mimi nimeshaolewa, nimezaa, nimezika. Odeta ndiye kijana. Namwachia. Libérat, lete hiyo firigisi nimrudishie mtoto."

Mzee akasema kwa unyonge, "Nimeshaila."

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa anatabasamu, lakini mkono wake ulikuwa unanyoosha kitenge kile kipya, unanyoosha mahali palipokwisha kunyooka, unanyoosha tena. Nilikijua kitenge kile. Nilikishona mimi. Aliniambia ni cha kwendea kanisani.

Sijui maneno yalitoka wapi.

"Hapana, mama. Olewa wewe."

Emelyne akaanza kulia. Ponsian akaniangalia kama hanijui. Mzee akafunika uso kwa kofia.

Nyanda akaruka mchele, akatoka nje.

Nikamkimbilia. Barabarani lilikuwepo lori alilokuja nalo, limeshashusha magunia sokoni, linarudi Majimoto tupu. Injini ilikuwa inanguruma. Nyanda alikuwa ameshapanda nyuma, ameshika bomba la turubai.

"Odeta," akaniambia kutoka juu, "pale ndani umesema kwa moyo au kwa adabu?"

Nikasimama.

"Kama ni kwa moyo, nashuka sasa hivi, narudi ndani, nampongeza baba, na mama yako nitamwita mama mpaka nife. Sitakulaumu. Kama ni kwa adabu, panda."

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Jamani, amueni! Giza la njia ya Kibaoni na taa zangu hizi havipatani!"

Akapiga honi. Watoto wa mtaa wakaanza kukusanyika.

Nikageuka nyuma. Mama alikuwa ametoka mpaka kandokando ya barabara, miguu mitupu, kilemba kimelegea. Alinitazama mimi, akamtazama Nyanda, akalitazama lori lilivyoelekeza uso. Nikangoja aseme tena kwamba ananiachia. Nilitaka alirudie neno lile mara moja tu, mbele ya watu, nipate kuondoka na moyo mweupe.

Mama akakaza kitenge kiunoni. Akapaza sauti, ile sauti yake ya kutuita kutoka mashamba ya mbali:

"Libérat! Washa pikipiki!"

"Mama!" nikapiga kelele. "Si umesema unaniachia?"

"Na wewe si umesema niolewe?" akanijibu, anakimbia kuelekea mlangoni, na jamani, alikuwa anacheka.

Pikipiki ikakohoa. Ikanyamaza. Ikakohoa tena. Lori likaanza kutembea taratibu, Nyanda akaninyooshea mkono, na mimi mguu mmoja uko juu ya bampa, mwingine bado uko Shanwe.